Mzee Ninayemhudumia Anataka Kufunga, na Anataka Nimsamehe

SWALI

Assalaam alaikum Bibi, na shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 38, mzaliwa wa Tanga, na huu ni mwaka wa tatu nikiishi kaskazini mwa London na kumhudumia mzee mmoja wa Kiyahudi nyumbani kwake. Ana miaka 84, mkewe alikwishafariki, na ana kisukari cha siku nyingi kinachomlazimu kujidunga insulini. Akili yake ni timamu kabisa. Gazeti hulisoma mpaka tangazo la mwisho, na hesabu za nyumba huzifanya mwenyewe.

Jambo la kwanza linalonisumbua ni saumu. Wayahudi wana siku wanayoiita Yom Kippur, yaani Siku ya Upatanisho, ambayo hawali wala hawanywi hata maji, tangu kabla ya jua kutua mpaka nyota zionekane usiku wa pili yake, muda wa saa 25 hivi. Mwaka jana iliangukia tarehe 2 Oktoba. Mzee alifunga bila kumwambia daktari wala mimi kujua hatari yake, insulini akajidunga kama kawaida, na alasiri nilimkuta kitini akitetemeka, jasho linamtiririka, maneno yake hayashikani. Nilipompima, sukari ilikuwa 2.9. Nikamnywesha juisi ya machungwa, naye akarudi katika hali yake baada ya robo saa. Alipotambua nilichomnywesha, Bibi, alilia. Alisema kwamba siku hiyo ameifunga tangu alipotimiza miaka 13, na kwamba sasa imevunjika. Hakunikaripia, na afadhali angenikaripia.

Mwaka huu siku yenyewe inaanza jioni ya Jumapili, tarehe 20 Septemba, na kwisha usiku wa Jumatatu, tarehe 21. Bintiye, ambaye ni mshika dini, ameniambia nisiingilie ibada ya baba yake. Mwanawe wa kiume, ambaye dini ameiweka kando, amenishauri kwa siri nimtilie sukari katika kikombe cha maji ya dawa bila yeye kujua. Mzee mwenyewe amesema, “Safari hii hata nikianguka, usinipe kitu.” Nikijaribu kumweleza, hunicheka na kuniambia kwamba mimi nafunga siku 30 za Ramadhani, iweje yeye siku moja imshinde.

Jambo la pili ni zito zaidi kwangu. Mwezi wa tano kilipotea kikombe cha fedha anachokitumia kubarikia divai usiku wa Ijumaa. Mzee alimwambia bintiye, na pia msimamizi wangu kazini, kwamba nimekichukua mimi. Nilihojiwa, nikasimamishwa siku mbili bila malipo, na kwa siku zile mbili sikula nikashiba. Siku ya tatu kikaonekana, kimeviringishwa ndani ya kitambaa cha meza kwenye mtoto wa kabati, alikokiweka mwenyewe. Alichosema ni neno moja tu: “Kimepatikana.” Tangu hapo hajalitaja, mpaka wiki iliyopita aliponiita, akanikalisha, akaniambia kuwa siku ile kubwa inakaribia na kwamba anataka nimsamehe. Nilinyamaza. Juzi ameniuliza tena. Mwenzangu ninayeishi naye siku zangu za mapumziko anasema kwamba mzee hanijali, bali anaogopa kalenda yake tu, na kwamba nikimsamehe nitakuwa nimemwosha bure.

Je, nimwache afunge? Na je, msamaha wa namna hiyo una thamani yoyote?

Mlezi, London

JIBU

Waalaikumu salaam, na marahaba mwanangu.

Umeniuliza mambo mawili ukidhani ni mbalimbali, kumbe yote mawili yamo katika mlango mmoja wa kitabu kimoja. Wayahudi wana mkusanyo wa sheria unaoitwa Mishna, uliotungwa mnamo mwaka 200 baada ya Kristo, na ndani yake kuna sehemu iitwayo Yoma, maana yake “Siku”, inayohusu siku hiyo moja tu. Mlango wa nane wa sehemu hiyo unaanza na saumu, unapita kwa mgonjwa, na unaishia kwa mtu aliyemkosea mwenzake. Mzee wako anaujua mlango huo. Kazi iliyobaki ni kumfanya ausome wote, badala ya kushika mwanzo wake peke yake.

Tuanze na juisi ya machungwa, maana naona imekukaa moyoni. Katika mlango huo imeandikwa kwamba mtu aliyeshikwa na njaa kali ya kumtoa fahamu alishwe kitu chochote kilichopo, hata kilicho najisi, mpaka macho yake yang'ae. Wanavyuoni wa baadaye waliofafanua maneno hayo katika Talmudi wakasema apewe asali na vitu vitamu, kwa kuwa utamu ndio humrudishia mtu nuru ya macho. Watu hao hawakuwa na kipimo cha sukari wala hawakujua neno insulini, lakini waliiona hali uliyoiona wewe alasiri ile, na wakaagiza kile ulichofanya. Hukuivunja ibada ya mzee. Kwa mujibu wa dini yake mwenyewe ulimtimizia wajibu ambao yeye, kwa wakati ule, hakuwa na nguvu za kuutimiza.

Msingi wa hukumu hiyo ni kwamba kwao kuokoa uhai hutangulia karibu kila amri nyingine, saumu ya siku hii ikiwemo. Wanaitoa hoja hiyo katika Mambo ya Walawi, mlango wa 18, panaposemwa kwamba mtu azishike amri za Mungu na aishi kwazo. Wakauliza, aishi kwazo, au afe kwazo? Inasimuliwa kwamba wakati wa kipindupindu katika mji wa Vilna, mwaka 1848, rabi mkubwa Israel Salanter aliwaagiza watu wasifunge Yom Kippur, na wengine husema alisimama mbele ya waumini sinagogini akala mwenyewe ili mtu asione haya kumfuata.

Kuna kanuni moja katika Talmudi ambayo ningependa uiweke karibu. Mgonjwa akisema nahitaji kula, na daktari akasema huhitaji, husikilizwa mgonjwa, kwa sababu moyo hujua uchungu wake wenyewe. Sisi tungesema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Lakini daktari akisema anahitaji kula, na mgonjwa akasema sihitaji, husikilizwa daktari, kwa kuwa huenda ugonjwa wenyewe ndio umemzuga asijitambue. Kwa maneno mengine, kauli ya mzee wako ina uzito mkubwa inapodai chakula, na haina uzito huo inapokikataa. Hilo si oni langu wala la mwanawe asiyeswali, ni hukumu ya watu wake.

Hata hivyo usiende kumsomea wewe. Hukumu ya dini haiwi tamu ikitoka kinywani mwa mtu wa dini nyingine, tena anayelipwa mshahara, na mzee wa miaka 84 hatakubali kufundishwa Talmudi na binti wa Tanga hata kama binti amepatia. Nenda kwa bintiye. Huyo anayekuambia usiingilie ibada ndiye mwenye nguvu ya kupiga simu mbili wiki hii, moja kwa daktari na nyingine kwa rabi wa sinagogi lao. Mweleze kilichotokea mwaka jana kwa namba, sukari 2.9, na kwamba kwa watumiao insulini madaktari wa huko huhesabu chini ya 4 kuwa tayari ni hatari. Huenda hajawahi kuambiwa. Mtu mshika dini wa kweli akisikia hivyo hatasema tena “usiingilie”, atauliza rabi anasemaje, na rabi swali lake la kwanza litakuwa daktari anasemaje.

Daktari atazame dozi za insulini na vidonge, aseme kama mzee anaweza kufunga kwa namna yoyote ile, na kama hawezi aandike hivyo. Wewe usipunguze wala kusimamisha dawa kwa kukisia. Rabi naye, akishasikia maneno ya daktari, anaweza kumwamuru ale kama siku nyingine yoyote, au, ikiwa hali inaruhusu, ale na kunywa kidogo kidogo kwa vipimo maalumu. Vipimo hivyo vitakufurahisha: chakula kisichofikia ujazo wa tende kubwa, na maji yasiyofika ya kujaza shavu, kisha mtu asubiri dakika kadhaa, wengi huhesabu 9, ndipo arudie. Kwa njia hiyo mgonjwa hupata riziki yake na bado hukumu ya kuvunja saumu haimfikii kwa ukali wake wote. Lakini vipimo hivyo ni vya mtu aliyetulia. Sukari ikishuka na mwili ukaanza kutetemeka, hakuna tende wala shavu. Ni kumpa kitu kitamu papo hapo, na akiwa hawezi kumeza usimtie kitu kinywani, piga 999, namba ya dharura ya huko.

Kuhusu sukari ya siri, hapana. Nalisema kwa nguvu kwa sababu ushauri huo una sura ya huruma. Mtu mzima mwenye akili timamu ana haki ya kukataa chakula hata pale ambapo sisi tunamwona anakosea, na kwa huko uliko sheria ya mwaka 2005 kuhusu uwezo wa mtu kujiamulia inamlinda katika haki hiyo. Ukimtilia kitu bila yeye kujua na ikagundulika, mwanawe atakuwa hakumbuki kama aliwahi kukuambia, nawe ndiye utakayeulizwa, wewe ambaye umekwisha kusingiziwa mara moja. Ukiacha sheria, fikiri Mzee atajionaje akija kujua kwamba siku aliyodhani ameitoa kwa Mungu wake alikuwa akidanganywa kwa kijiko. Mwambie mwanawe kwamba kama anamhurumia baba yake, aje akae naye siku hiyo.

Lakini pia usikubali ile amri ya “hata nikianguka, usinipe kitu.” Akishachanganyikiwa, huyo si tena yule mzee mwenye akili timamu aliyetoa amri, na chini ya sheria hiyohiyo, kukataa kwa mapema matibabu ya kuokoa uhai hakutoshi kwa kauli ya mdomo, lazima kuwe kumeandikwa, kumetiwa saini na kushuhudiwa. Mwambie mapema na kwa adabu, akiwa ameshiba na ametulia: “Mzee, ukiwa macho na akili zako, nitakuheshimu. Ukianguka, nitakupa kitamu na nitaita gari la wagonjwa.” Ni haki yake kulijua hilo kabla ya tarehe 20. Mfahamishe pia msimamizi wako kwa maandishi, siku hiyohiyo, ili mpango wa siku uwe umeandikwa na usibaki juu ya kichwa chako peke yako.

Na utani wake wa Ramadhani una jibu. Mwambie kwamba hata sisi mgonjwa hafungi. Qurani imemruhusu alipe siku nyingine, na asiyeweza kabisa hulisha maskini. Hapo ndipo, nadhani, utaona kwa nini alilia. Sisi tuna siku ya kulipa, lakini Yom Kippur haina kulipa. Ni siku moja tu, ya kumi ya mwezi wao wa Tishri, na ikipita imepita. Mzee alihisi amebaki na deni lisilolipika, ilhali kwa sheria yao aliyekula kwa ugonjwa hana deni lolote. Alichoamriwa siku hiyo kilikuwa kula. Hili nalo alisikie kwa rabi.

Tena saumu si ibada pekee ya siku hiyo. Avae nguo nyeupe, aache viatu vya ngozi na avae vya kitambaa, asikilize sala ya Kol Nidrei jioni ile ya kwanza kama kuna mtu wa kumpeleka, na alasiri ya pili yake, saa ileile aliyoanguka mwaka jana, asome kitabu cha Yona, ambacho husomwa katika masinagogi yote wakati huo. Huyo ndiye Nabii Yunus unayemjua wewe. Yote hayo anayaweza mtu aliyekunywa maji. Akiwasha mshumaa wa siku nzima kwa ajili ya mkewe, usiuzime hata ukiona unafuka, wala usizime taa alizoziacha zinawaka, maana dini yake haimruhusu kuziwasha tena mpaka siku iishe.

Sasa kikombe.

Mwenzako amesema mzee anaogopa kalenda. Huenda ni kweli, na mimi sioni ubaya. Kwetu pwani, mtu akijiandaa kwenda Hija huzunguka nyumba hadi nyumba kuomba radhi, kwa jirani aliyemsengenya na kwa ndugu aliyemdhulumu ukuta wa shamba, na hatusemi kwamba anaogopa ndege. Tunajua kwamba haki ya Mungu Mungu huisamehe, ama haki ya mja haisameheki mpaka mja mwenyewe aridhike. Mlango ule wa nane unamalizikia hapohapo: makosa ya mtu kwa Mungu, Siku ya Upatanisho huyafidia, makosa ya mtu kwa mwenzake, Siku ya Upatanisho haiyafidii mpaka amridhishe mwenzake. Mzee anaweza kufunga saa 25 bila kumeza mate, na kikombe kile kikabaki palepale. Kama ameogopa, ameogopa kitu cha haki, na kilichomleta mbele yako ni dini inayomwambia kwamba wewe, mlezi wake wa mshahara, una kitu ambacho Mungu hatampa bila idhini yako.

Ila hapa nataka uwe makini kuliko alivyotaka yeye. Neno la mlango ule ni “kumridhisha”, si “kumwuliza”. Musa bin Maimuni, ambaye Ulaya humwita Maimonides, alikuwa mwanasheria wao mkubwa na pia tabibu huko Misri, akafariki mwaka 1204. Aliandika kwamba hata aliyekwisha kurudisha mali ya mwenzake bado inampasa amridhishe na kumwomba msamaha, na kwamba akikataliwa arudi na rafiki zake watatu, mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Baada ya hapo anaweza kumwacha, na dhambi inabaki kwa aliyekataa. Akaongeza kwamba aliyekosewa asiwe katili, na aombwapo kwa moyo wa kweli asamehe. Mzee amekuja mara mbili. Ya tatu itakuja, na nisingependa ikukute umenyamaza tena.

Lakini je, amekuridhisha? Alikusingizia mbele ya watu wawili, bintiye na msimamizi wako, na anakuomba radhi faragha, sebuleni, mlango umefungwa. Kosa lilitoka nje. Dawa imebaki ndani. Pia kuna mishahara ya siku mbili ambayo mpaka leo ni pengo katika mfuko wako. Akija mara ya tatu, usimwambie ndiyo wala hapana. Mwambie: “Mzee, nataka kukusamehe, na ili niweze, mpigie simu binti yako sasa hivi nikiwa hapa, umwambie kikombe ulikiweka mwenyewe. Kisha uwaandikie kazini kwangu maneno hayohayo, na siku mbili nilizokatwa zirudishwe.” Barua ikae katika faili lako, kwa kuwa faili hilo ndilo litakalosomwa na mwajiri wako wa kesho. Wala usione haya kutaja fedha. Kwa sheria yao na yetu, haki iliyopotea hurudishwa kwanza.

Akifanya hivyo, msamehe, umtajie kwa kinywa chako. Na kama moyo bado una kidonda, mwambie hivyo pia: kwamba umemwachia haki yako, na kwamba uchungu unachukua muda wake. Asipofanya, utaendelea kumhudumia kwa uaminifu uleule, nawe hutakuwa katili kwa kungoja. Mwenye deni ndiye anayetakiwa kutembea.

Mambo haya mawili uyapange kwa utaratibu huu: bintiye kesho, kwa ajili ya daktari na rabi, kikombe akija mwenyewe. Usiyachanganye katika mazungumzo mamoja, asije akadhani unamuuzia msamaha kwa bei ya chakula.

Usiku wa tarehe 21, kama mambo yamekwenda salama, sala ya mwisho iitwayo Neila itafungwa kwa mlio mmoja mrefu wa baragumu la pembe ya kondoo, na atarudi nyumbani akiwa na kiu na furaha ambayo wewe mwenye kufuturu unaijua. Ataomba chai na kipande cha keki kabla hajavua koti. Mkalishe, umpime sukari kwanza, andika namba, ndipo umtilie chai.